Agosti Utalala Wapi?

Kosa langu la kwanza katika kazi hii nililifanya nikiwa nimesimama juu ya kreti ya soda, kipaza sauti mkononi, mbele ya wanafunzi wa chuo kimoja karibu na Kwa Vonza. Niliulizwa swali, sikujua jibu, na nikajibu. Ninaanza na hilo kwa sababu ninyi mnaochukua nafasi yangu mtasimama juu ya kreti ileile, na swali la aina hiyo litawafikia tu.

Najua inachekesha mtu wa miaka thelathini na kidogo kusema amestaafu. Mama yangu alicheka, halafu akauliza kama ni ugonjwa. Si ugonjwa. Nimeacha kazi ya kuhamasisha vijana wa vyuo wapige kura na wahudhurie vikao vya umma, na ninarudi Sultan Hamud kutengeneza simu, kama zamani. Simu ikiharibikia mikononi mwangu, anayeumia ni mwenye simu peke yake.

Sikusoma chuo. Katiba nilijifunza ndani ya kibanda changu cha simu kando ya barabara ya Mombasa, kati ya mteja mmoja na mwingine, katika nakala ambayo mtu aliisahau mezani na hakuirudia. Niliipigia mistari kwa kalamu. Baadaye nikaona mistari imepinda, nikatafuta nakala nyingine, nikaipiga upya kwa rula. Nadhani hapo mmeshanielewa mimi ni mtu wa namna gani. Nilikuwa na hofu kwamba siku moja mtu aliyesoma atasimama aniambie nimekosea, kwa hivyo nilitaka kujua kila kitu kabla hajasimama.

Aliyeniingiza kazini ni Bi Zuhura. Ana duka la leso na mashuka mjini Kitui. Babu zake walitoka pwani, lakini Kikamba chake ni kizuri kuliko changu. Alikuwa akiendesha kikundi kidogo cha elimu ya uraia, na ofisi yake ilikuwa chumba cha nyuma ya duka, kati ya marobota. Tulikutana mjini Wote, kwenye kikao cha kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti. Mimi nilisimama nikataja kifungu baada ya kifungu mpaka mwenyekiti akaangalia saa. Kikao kilipoisha, mama mmoja mwenye miwani ya kamba akanishika mkono.

"Kijana, vile vifungu ulivyotaja nimeshavisahau vyote," akasema. "Lakini yule mama aliyesema zahanati yao haina mlango, huyo nitamkumbuka mpaka nife. Unaitwa nani?"

"Mutua."

"Mutua, njoo Kitui nikufundishe kunyamaza."

Nilienda. Sikujifunza upesi.

Siku zangu za kwanza zilikwisha kwa vifaa. Tulikuwa na kipaza sauti ambacho betri zake zilikufa kila nilipofika mahali pa maana, meza ya plastiki yenye mguu mmoja uliofungwa kwa waya, na kreti. Nikaamua kutengeneza sanduku la kura la mfano, la kuwaonyesha wanafunzi kura inavyotumbukizwa. Nilitumia katoni ya mafuta ya kupikia, nikalikatia dirisha la plastiki angavu. Upande mmoja ukazidi mwingine kidogo. Nikalibomoa, nikaanza tena. Bi Zuhura alikuwa akinitazama akiwa amekaa juu ya robota.

"Unajenga sanduku la kura ama jeneza?"

"Nataka liwe sawa, Bi Zuhura."

"Wanafunzi hawaji na rula, mwanangu."

Mabango nayo niliyapima nafasi kati ya herufi na herufi. Hotuba niliifanyia mazoezi mbele ya kioo cha kinyozi jirani. Niliandaa kila kitu isipokuwa kitu kimoja ambacho mtu yeyote angekikumbuka: sikuuliza chuo kinafunga lini.

Siku ile ya Kwa Vonza, tume ya uchaguzi ilileta mashine ya kuandikisha wapiga kura mpaka langoni mwa chuo. Karani wake alikaa chini ya hema, hatua chache kutoka kwangu, akila ndizi. Wanafunzi walijaa, nusu kuandikishwa, nusu kunicheka.

"Msee wa Katiba! Hiyo kitu ukisoma yote unashiba?"

"Buda, tukipiga kura wifi itarudi hosteli?"

Kicheko. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya kifungu cha thelathini na nane, kile cha haki ya kupiga kura, si ya wifi. Aliyeniokoa ni msichana mmoja wa mwaka wa pili, aliyekuwa akisomea ualimu. Aliitwa Kavutha, na kwao ni upande wa Ikutha.

"Nyinyi mnalilia wifi," akawaambia bila kipaza sauti, na walimsikia vizuri kuliko mimi. "Kwetu watoto wa nasari wanavushwa mto mgongoni. Mvua ikinyesha hawaendi shule mpaka maji yashuke. Mamangu amewabeba mpaka mgongo umeisha. Sasa ameacha kazi agombee. Mnacheka?"

Mama yake, Mwalimu Nzilani, alikuwa mwalimu wa nasari wa kaunti. Sheria inamtaka mfanyakazi wa umma ajiuzulu kabla ya kugombea, naye alijiuzulu ili awanie kiti cha mwakilishi wa wadi kama mgombea huru, kwa ahadi moja tu: kivuko cha miguu juu ya mto ule. Kavutha alikuwa amewakusanya wanafunzi wote wa wadi yao waliokuwa pale chuoni. Walikuja pamoja, wakasimama nyuma yake kwenye foleni. Kabla hajafika kwenye mashine, alinigeukia.

"Kaka Mutua, lakini Agosti si tutakuwa tumefunga? Nikijiandikisha hapa nitapigia mamangu kura aje?"

Wote walinitazama. Nakumbuka jasho likishuka mgongoni chini ya shati nililolipiga pasi mara mbili. Sikujua. Ningeshuka kwenye kreti, nimwendee karani na ndizi yake, nimuulize. Lakini niliona kushuka pale mbele yao ni kukiri kwamba yule fundi wa simu wa Sultan Hamud hajui kazi yake.

"Usiwe na wasiwasi," nikasema kwenye kipaza sauti. "Alama zako za vidole ziko kwenye mashine. Mashine itakujua popote Kenya."

Wakapiga makofi. Kavutha akaweka kidole.

Kwa asiyejua, ukweli ni huu: mashine inakutambua katika kituo ulichojiandikishia, basi. Ukijiandikisha Kwa Vonza, kura yako iko Kwa Vonza. Ukitaka kupigia nyumbani, unaomba kuhamishwa kabla sajili haijafungwa. Na uchaguzi wetu huwa Agosti, wakati vyuo vingi viko likizo na wanafunzi wako makwao wakivuna mbaazi.

Mimi niliujua ukweli huo Julai, kwenye mafunzo ya waangalizi wa uchaguzi. Nilimuuliza afisa kwa sauti ya mtu anayeulizia rafiki yake. Alinijibu bila hata kuinua kichwa, na akaongeza kwamba sajili ilifungwa kitambo. Nikamwambia Bi Zuhura. Alivua miwani, akaifuta kwa leso ambayo ilikuwa ya kuuza.

"Waambie leo," akasema. "Maneno mawili. Kura yenu iko Kwa Vonza, rudini Kwa Vonza. Asiyeweza kurudi ajue mapema."

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza. Nilikaa nikaandika ujumbe kwenye kundi letu la simu. Nikaona umeanza ghafla, nikaongeza shukrani. Nikaona wataona nimewadanganya, nikaeleza kwanza historia ya mashine. Nikafuta, nikaandika, nikasahihisha alama za mkato. Ulipokuwa tayari, habari yenyewe ilikuwa chini kabisa, karibu na mwisho, imeanza kwa "hata hivyo". Nikautuma. Kavutha alijibu kwa kidole gumba.

Nilikiona kile kidole gumba nikalala vizuri. Usingizi ule unanitia aibu kuliko jibu la kwenye kreti.

Siku ya uchaguzi nilipiga kura yangu Sultan Hamud asubuhi, nikapiga picha ya kidole changu chenye wino. Nilikuwa bado naichagua ile picha nzuri zaidi simu ilipolia.

"Kaka Mutua, mashine imenikataa."

"Uko wapi?"

"Kwetu, hapa shuleni. Karani anasema mimi ni wa Kwa Vonza. Tuko wengi, sisi wote wa kampasi, wametutoa kwa foleni. Kuja uongee na yeye kwa simu, mwambie vile ulituambia."

"Kavutha, niliwatumia ujumbe."

"Ujumbe gani?"

"Ule mrefu."

Nilisikia watu nyuma yake, na mtoto akilia.

"Ule wa asante?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo.

"Mamangu ametuona tukitoka," akasema. "Amesimama pale kwa mti. Sasa nifanye nini?"

Kutoka upande wa Ikutha mpaka Kwa Vonza ni safari ndefu, na siku hiyo magari karibu yote yalikuwa yamelala. Nilimpigia kila dereva niliyemjua. Kavutha alipata pikipiki mpaka Mutomo, akakaa hapo stejini akingoja gari la kwenda Kitui. Wengine walikwisha kukata tamaa wakarudi nyumbani. Kila nilipompigia alisema, "Bado, lakini naona vumbi kule." Vituo vilipofungwa alikuwa bado Mutomo. Alirudi kwao na kidole safi.

Mwalimu Nzilani alishindwa. Pengo la kura silitaji hapa, ingawa nalijua, na nikiwa na wasiwasi hujikuta nikilirudia moyoni. Inatosha kusema kwamba wanafunzi wa wadi ile walioandikishwa Kwa Vonza walikuwa wengi kuliko pengo hilo. Bi Zuhura alijaribu kunifariji: huenda baadhi yao wangempigia mtu mwingine. Huenda. Lakini wangepiga.

Tulienda kwao, mimi na Bi Zuhura. Njia ilivuka mto ule. Ulikuwa mkavu, mchanga mtupu, mtu angeweza kuuliza kivuko cha nini. Mwalimu Nzilani alikuwa amekaa uani akipepeta mbaazi. Ni mwanamke mfupi, mabega mapana. Alitukaribisha, akatuletea uji kwenye vikombe vya bati, akaendelea kupepeta. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, na njiani niliyasema kimoyomoyo mpaka yakanyooka. Yote yalinitoka kichwani.

"Mwalimu, nimekuja kusema nilikosea," nikasema.

"Najua. Kavutha ameniambia." Alipuliza maganda. "Mimi sikasirikii kura. Kura watu wananyimwa kila siku. Unajua kitu gani kinaniuma?"

"Sijui, mwaitu," nikamjibu, kama tunavyomwita mama kwa Kikamba.

"Alipokuja likizo ya Desemba, nilimwambia, nenda ujiandikishe hapa nyumbani, tume iko sokoni. Akaniambia, 'Mama, nilishajiandikisha. Mutua amesema ni popote.' Nikamwambia, huyo Mutua ni nani? Akaniambia, 'Ni mtu amesoma Katiba yote.'" Aliinua ungo, akautikisa. "Alikuamini kuliko mimi. Kunywa uji, utapoa."

Nikanywa. Ulikuwa umeshapoa. Kavutha hakutoka ndani, ingawa nilisikia sufuria zikigongana jikoni.

Tulipokwisha kuvuka mchanga, Bi Zuhura akanigeukia.

"Leo umenyamaza vizuri," akasema. "Pole kwamba umejifunzia hapa."

Nafasi ya Mwalimu Nzilani kwenye nasari ilikuwa imepewa mwingine, na hakurudishwa; bila mshahara wake karo ikakosekana. Muhula ulipoanza Kavutha hakuja chuoni. Muhula uliofuata pia hakuja. Nilimwona mara moja tu, siku aliyofuata godoro lake hosteli. Alikuwa akilisubiria mkokoteni langoni, karibu na mahali kreti yangu ilipokuwa imewekwa ile siku. Alisema amepata wakala, anaenda nchi za Ghuba kufanya kazi ya nyumba.

"Ukimaliza mkataba utarudi usome?" nikauliza.

"Nitarudi niende kwetu. Chuo nitaona." Halafu akanitazama. "Kaka, umekonda. Wacha kujilaumu sana, utakosa hata kivuli."

Alicheka peke yake. Nilimsaidia kupandisha godoro.

Nilitaka kuacha kazi wiki hiyohiyo. Bi Zuhura alikataa. Alisema nikiondoka wakati huo, kitu pekee ambacho wanafunzi watakuwa wamepata kutoka kwetu ni jibu langu. Kwa hivyo nilibaki, na miaka iliyofuata ndiyo iliyokuwa kazi hasa, ingawa hakuna aliyenipigia makofi.

Wanafunzi waliacha kuniuliza habari za wifi. Walianza kusema, "Tulipiga, tukaona nini?" Hilo ndilo swali gumu kuliko yote, na sijawahi kulipatia jibu zuri. Ulipofika wakati vijana walipojaa barabarani kote nchini wakiandamana, wanafunzi wa Kitui na Makueni walikuja kwenye mikutano yetu wakiwa wanavijua vifungu kuliko mimi. Nilijisikia vibaya kwa muda mfupi, halafu nikajisikia nafuu. Niliketi chini, nikawapa kipaza sauti.

Niliwapeleka kwenye vikao vya wadi. Mkienda huko, fikeni mapema, kwa sababu viti vya mbele hukaliwa na watu wa mwakilishi na wanaokaa nyuma hawaonekani. Kila mmoja aseme jambo moja, alitaje kwa jina la mahali, kisha akae. Tulienda pia na kundi moja kwenye kikao cha wadi ya akina Kavutha, tukaomba kivuko. Mwalimu Nzilani alikuwa amekaa mstari wa mbele, daftari la nasari mapajani. Alisimama, akasema majina ya watoto wanaovuka, akaketi. Mhandisi wa kaunti alikuja baadaye akapiga picha za mto. Uchaguzi mwingine unakaribia, na mwalimu amesema hagombei tena. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuambia ng'ombe ameuzwa.

Swali letu la mezani lilitoka kwa Bi Zuhura. Alisema tusimuulize mwanafunzi "unataka kujiandikisha wapi", kwa sababu atataja mahali alipo. Tumuulize, "Agosti utalala wapi?" Mara ya kwanza nilipoliuliza, kijana mmoja wa uhandisi akarudi nyuma.

"Weh, buda! Unataka kunitembelea?"

Foleni nzima ilicheka. Lakini alifikiri, akasema Agosti atakuwa kwao Mwingi, dukani kwa mjomba. Nikamwambia basi ajiandikishe Mwingi. Alitoka kwenye foleni bila kuandikishwa, na ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kufurahi kumwona mtu akitoka kwenye foleni.

Miezi michache iliyopita nilipata ujumbe kutoka nambari ya nje. Ulikuwa wa Kavutha. Ameongeza mkataba, anatunza mzee wa nyumba, hajambo. Mwishoni aliuliza, "Nimeskia wa majuu wanapiga kura. Huku pia naweza?"

Nikamwandikia, "Sijui. Nitauliza."

Niliuliza ofisi ya tume mjini, nikaambiwa nirudi, nikarudi. Nikamtumia jibu la sentensi mbili. Akajibu kwa kidole gumba. Safari hii nilimpigia.

"Umeusoma?" nikauliza.

"Nimesoma, Kaka." Sauti yake ilikuwa ya kunong'ona, mzee alikuwa amelala. "Ni kwa ubalozi, na niende na pasipoti. Pasipoti iko na bosi. Na ubalozi uko mji mwingine, siruhusiwi kutoka."

"Pole, Kavutha."

"Kwa hivyo bado mimi ni wa Kwa Vonza," akasema, na akacheka kidogo, kile kicheko cha langoni. Kisha akaniuliza kama mama yake bado anavusha watoto. Nikamwambia ndiyo. Si mwalimu wao tena, lakini mvua ikinyesha hushuka mtoni asubuhi, akawangoja.

Naondoka kabla ya uchaguzi ujao. Mkitaka kuuita woga, sitabisha. Nimejaribu kujiona siku hiyo nikiwa na simu mfukoni, na siwezi. Bi Zuhura amenielewa. Amenipa leso nimpelekee mama yangu, na akachukua kile kipaza sauti akakifungia kabatini mpaka mje.

Basi haya ndiyo yaliyobadilika tangu siku ile ya Kwa Vonza. Hatuendi chuoni kabla hatujaona kalenda ya chuo. Kila mwanafunzi anaulizwa Agosti atalala wapi kabla hajaweka kidole kwenye mashine, na anayesema nyumbani anaenda kujiandikisha nyumbani. Asiyejua jibu kati yetu anashuka kwenye kreti na kumuuliza karani, watu wakiwa wanatazama. Ujumbe wetu haupiti sentensi mbili, na anayejibu kwa kidole gumba anapigiwa simu. Mto bado hauna kivuko.